Filimbi Niliyokwenda Nayo Mtera

Ndugu zangu wa Tukuyu, mmeniuliza sana kwa nini likizo ya mwezi wa sita sikuja nyumbani. Mama ameuliza, shangazi ameuliza, hata jirani anayenidai panga lake ameuliza. Jibu lipo, ila ni refu na limepitia Mtera, kwa hiyo kaeni vizuri.

Kwanza niwaeleze likizo ya mwalimu kijana wa Mkonze, huku Dodoma, inavyokuwa, maana najua mnafikiri tunalala. Shule inafungwa Ijumaa kwa shangwe. Jumatatu mwalimu mkuu anapiga simu: darasa la saba wako kambini, njoo usaidie kidogo. Kidogo maana yake ni kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo uko huru kabisa kufurahia maisha: unafua, unabandika maharage, unatazama upepo wa kipupwe ukizipeleka nguo zako kwa jirani. Jioni kuna burudani. Unakwenda Chang'ombe kwenye banda la mpira, unalipa kiingilio, unabanwa kwenye benchi, na timu yako inapokaribia kufunga, mzazi anakugusa bega. "Mwalimu, hivi mwanangu hesabu anaendeleaje?" Mwanawe anaendelea vibaya sana, lakini mtu huwezi kusema hivyo ukiwa umekalia benchi moja naye. Unasema anajitahidi. Ukigeuka, goli limeshaingia na wewe hukuliona.

Nilichotaka mwaka huu kilikuwa kidogo tu. Nilitaka siku tatu za kuwa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita Mwalimu.

Na nilikuwa na sababu nyingine, kubwa kuliko hiyo. Yunis, yule fundi cherehani wa Chang'ombe ambaye mama amemwona kwenye picha na kusema ni mwembamba, kwao ni Mtera. Baba yake, Mzee Ndahani, anauza samaki. Nilipomwambia Yunis kwamba nataka wazee wa Tukuyu walete washenga, alimpigia baba yake, na jibu likarudi siku hiyo hiyo: washenga wasubiri kwanza, aje mwenyewe nimwone. Akinipendeza, nitasema waje. Asiponipendeza, tutakuwa tumewaokolea wazee wa watu nauli. Niliona ni maneno ya haki, kisha nikakosa usingizi.

Ijumaa alfajiri niliondoka. Yunis alikuwa ametangulia kwa basi kwenda kumsaidia mama yake, na mimi akanitafutia usafiri wa heshima: kirikuu, kigari cha mizigo cha mjomba wake Lameck, kinachopeleka barafu Mtera na kurudi na samaki. Ninyi mnaovaa makoti mwaka mzima mtacheka nikisema Dodoma kuna baridi. Chekeni. Baridi ya Tukuyu ni ya kistaarabu, inakuja na mvua na mtu anajua afunge mlango. Ya Dodoma inakuja na upepo na mchanga, na ukifunga mlango inapita chini yake. Sasa ongezeni barafu mgongoni. Kioo cha upande wangu hakikupanda mpaka juu, na Mjomba Lameck alinieleza kwamba hiyo ni kwa ajili ya hewa safi.

Tulipofika Fufu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Niliingiza mikono kwenye mifuko ya jaketi, na mkono wa kulia ukakutana na filimbi. Ilikuwa imebaki humo tangu wiki yangu ya zamu. Niliitoa nione ni kitu gani, na hapo ndipo nilipoharibu likizo yangu, kwa sababu Mjomba Lameck alikanyaga breki hadi masanduku ya barafu yakagonga nyuma ya viti vyetu.

"Hiyo filimbi yako?"

"Ya shule, mjomba."

"Kwa hiyo kuchezesha mpira unajua?"

"Nachezesha watoto. Mimi ndiye mwalimu wa michezo."

Alinitazama kama mtu aliyeokota ng'ombe barabarani. Kumbe kesho yake, Jumamosi, ilikuwa fainali ya Kombe la Mbuzi, kati ya Perege FC ya Mtera na timu ya ng'ambo ya bwawa, upande wa Iringa. Kocha wa Perege alikuwa yeye Mjomba Lameck. Mlezi wa Perege, aliyenunua jezi na mpira na kumlisha yule mbuzi wa zawadi tangu Pasaka, alikuwa Mzee Ndahani. Na refa waliyempanga alikuwa ameoa wiki mbili zilizopita, upande wa Iringa.

"Kanuni zetu ni kali," alisema mjomba. "Refa asiwe ndugu wala mkwe wa timu yoyote. Wewe una ndugu Mtera?"

"Sina."

"Ng'ambo?"

"Sina."

"Mkwe?"

"Mjomba, si ndiyo maana naenda?"

"Hujawa bado," alisema, na kuondoa gari. "Kwa hiyo umefaa kabisa."

Kutoka Fufu hadi Chipogolo nilijaribu kukataa. Nilisema nina mafua, nilisema viatu sina, nilisema macho yangu ni mabovu ndiyo maana navaa miwani. Mjomba alijibu kwamba refa mwenye miwani ndiye anayehitajika, maana waliopita wote walikuwa vipofu. Barabarani watu walikuwa wakipura uwele, na pumba zilipeperuka mpaka ndani ya gari kupitia kile kioo cha hewa safi. Niliwaonea wivu. Walikuwa na kazi inayoeleweka.

Mtera tuliingia asubuhi jua likiwa limechangamka. Njia nzima nilikuwa nikirudia moyoni salamu ya Kigogo aliyonifundisha Yunis, na hotuba fupi ya kujitambulisha: jina langu, ukoo wangu, nia yangu njema. Nilishuka, nikanyoosha shati, nikasema, "Mbukwenyi!" Wanawake waliokuwa wakikaanga samaki uani walicheka kwa furaha, na mmoja akaniitikia. Kabla sijafungua hotuba, Mjomba Lameck alipaza sauti kutoka kwenye usukani: "Shemeji! Nimekuletea refa!"

Mzee Ndahani alitoka ndani mbio. Ni mtu mfupi, mwenye koti zito na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu! Marahaba sana! Filimbi unayo?"

Hivyo ndivyo nilivyotambulishwa ukweni. Jina langu hakuna aliyeliuliza. Nililetewa ugali wa uwele, mlenda na perege wa kukaanga. Mlenda nilipigana nao kwa dakika kadhaa, nikivuta na wenyewe ukinivuta, huku mama yake Yunis akinisifu kwa adabu kwamba mwalimu anajifunza upesi. Mzee alikula karibu nami akinieleza kanuni za uwanja. Mpira ukiingia bwawani, mechi inasimama mpaka upepo uurudishe, kwa sababu huko kuna viboko na hakuna mchezaji anayelipwa kiasi hicho. Nilipojaribu kugusia lililonileta, aliinua mkono.

"Hilo kesho, baada ya mechi. Mimi nikiwa na furaha sikatai kitu."

Jioni Yunis alinivizia nyuma ya jiko. Hakuwa akicheka.

"Umekubali kweli kuchezesha?"

"Nilikubalishwa, sikukubali."

"Baba akifungwa hasemi na mtu. Mwaka juzi walipotolewa, wiki nzima alikuwa akimwomba mama chumvi kupitia kwangu, na wote tumekaa mkeka mmoja." Alinishika mkono wa jaketi. "Sikwambii uwapendelee. Nakwambia tu, nimekungoja muda mrefu."

Nilimwambia Perege watashinda. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua mpira.

Jumamosi alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Mistari ilichorwa kwa majivu na upepo ulikuwa tayari umeifuta nusu. Akina mama walikuja na ngoma zao wakazipiga vizuri hasa, na kama ningekuwa mgeni wa kawaida ningekaa kuwasikiliza mpaka jua lizame. Mbuzi mwenyewe alifungwa utepe mwekundu shingoni, pembeni ya kiti cha Mzee. Mtangazaji mwenye kipaza sauti akanitambulisha: "Na refa wetu ni Mwalimu, kutoka Dodoma mjini!" Watu wakapiga makofi. Siku ya pili hiyo ya mapumziko yangu.

Kipindi cha kwanza Perege walifunga, na Mzee akamkumbatia mbuzi. Kipindi cha pili ng'ambo wakarudisha. Mpira uliingia bwawani mara moja, tukasimama wote ufukweni kwa heshima tukiungoja, timu zote mbili, kama watu wanaongoja basi. Zikabaki dakika chache. Ng'ambo wakapata kona.

Kona ilipopigwa, upepo ukanyanyua vumbi kutoka upande wa bwawa, lile vumbi la kipupwe linalokuja bila hodi. Uwanja mzima ukafumba macho. Wachezaji wakafunika nyuso, akina mama wakajifunika kanga, hata mtangazaji akanyamaza. Aliyekuwa macho wazi ni mimi peke yangu, kwa sababu ya miwani. Nikaona mpira ukielekea golini, kipa akiwa amejikunyata, na beki namba tano wa Perege, yeye naye macho kayafumba, akinyoosha mkono na kuupangua.

Vumbi likatulia. Hakuna mtu aliyelalamika, maana hakuna mtu aliyeona. Ng'ambo walikuwa wakipangusa macho na kurudi nyuma kwa amani. Mngenisifu nikisema nilipambana na dhamiri yangu. Sikupata nafasi. Mimi kwa miaka mitatu nimekaa mbele ya watoto sitini, na mkono ukienda mahali usipotakiwa, filimbi inalia kabla sijaamua. Ililia. Nilisikia mlio wenyewe nikashangaa ni nani huyo mpumbavu.

"Nini?" aliuliza Mjomba Lameck kutoka kwenye mstari.

Bado ningeweza kusema nimepuliza kwa ajili ya vumbi. Nililifikiria jambo hilo vizuri. Nikamtazama Yunis, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake na kanga imemfunika mpaka puani. Nikamtazama namba tano, naye akatazama mkono wake. Kisha nikaonyesha kidole kwenye doa la penalti. Ngoma zilinyamaza zote kwa pamoja, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mkaguzi yeyote.

Ng'ambo walifunga. Mbuzi alipakiwa kwenye bodaboda akiwa na utepe wake, akavushwa kwenda Iringa akilia njia nzima. Mzee Ndahani alitazama mpaka bodaboda ikapotea, akakunja kiti chake, akaenda nyumbani bila kugeuka.

Chakula cha jioni kilikuwa kitulivu. "Yunis," alisema Mzee, "mwambie mwalimu asogeze chumvi." Nilikuwa nimekaa goti kwa goti naye. Niliisogeza.

Jumapili asubuhi nilifunga begi mapema. Nilimwambia Yunis nimekosa, akasema hapana, hukukosa, kisha akalia, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Mjomba Lameck alikuwa akipakia samaki kwenye ile barafu, hakunisemesha. Ndipo Mzee alipotoka na koti lake, akavuta kigoda, akaketi mbele yangu. Mara hii alizungumza nami moja kwa moja.

"Mkono uliuona?"

"Niliuona, mzee."

"Mimi sikuuona."

"Vumbi, mzee."

"Nilimwita namba tano jana. Ameapa kwa jina la mama yake, la bibi yake, na la mchungaji. Mtu ambaye hakushika mpira haapi mara tatu." Akakuna kofia. "Sasa kuna tatizo. Kamati ya ng'ambo wamepiga simu. Wamefurahi mno. Wanasema mwakani hawataki refa mwingine. Wanataka wewe, na mwaka mwingine wewe, mpaka uzeeke."

"Nitakataa, mzee."

"Utakataaje? Hapa ulikataa?"

Alimgeukia Lameck.

"Lameck, kanuni inasemaje?"

Mjomba aliacha samaki, akaanza kutabasamu polepole. "Refa asiwe ndugu wala mkwe wa timu yoyote."

"Haya," alisema Mzee, na kunyoosha kiganja. "Lete hiyo filimbi." Nilimpa. Akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti na kufunga kishikizo. "Waambie wazee wako wasichelewe. Washenga wafike kabla ya Krismasi, mahari tuzungumze kwa haraka, na ndoa iwe imeshafungwa kabla ya kombe lijalo. Mimi mbuzi wawili sipotezi."

Ndani ya nyumba mtu alipiga kigelegele. Namjua ni nani, anashona nguo Chang'ombe. Mzee alisimama aniage, akanishika mkono, kisha akasita.

"Hivi, mwalimu, jina lako nani?"

"Ambakisye, mzee."

Alilijaribu mara mbili kimyakimya, midomo ikicheza, akashindwa.

"Basi safari njema, mkwe," alisema.

Nilirudi Mkonze nikiwa nimekaa mbele ya samaki, kioo kikiwa wazi, na baridi sikuisikia. Kambi ya darasa la saba inaendelea. Nimejifunza kwamba likizo haimvui mtu ualimu wake, inamhamisha tu kituo, na kwamba mtu anaweza kupewa mke kwa sababu amefanya haki, ili asiirudie. Kwa hiyo, wazee wangu, jiandaeni. Bebeni ndizi, bebeni makoti, na mama aje akamwone Yunis kwa macho yake. Na mtakapofika huko wakiwauliza kama kuna mtu kati yenu anayejua mpira, wote mseme hapana.