Niliuza Sufuria la Kijiji

Siku hizi ukitaka kuja kwetu unamwambia bodaboda akupeleke kwenye geti la bluu, naye anakuuliza lipi, maana mageti ya bluu yapo manne. Niliyahesabu. Nikarudia, yakawa matano, kwa sababu moja lilikuwa limepakwa rangi wiki ile ile. Zamani ulitaja jina la kijiji tu, ukafikishwa mpaka mlangoni kwa mtu unayemtaka, na njiani ukaambiwa kama yupo au kaenda shamba.

Hatukuamka siku moja tukaambiwa kijiji kimekwisha. Dar es Salaam ilikuja kidogo kidogo kwa barabara ya Bagamoyo, ikapita Tegeta, ikapita Bunju, na sisi tukaiona inakuja, tukaiuzia viwanja. Minazi ilikatwa. Familia moja ikahamia Makurunge, nyingine ikaenda kununua shamba huko Chalinze. Muhuri wa mwenyekiti nao ukabadilika. Ulikuwa umeandikwa kijiji, ukaja mwingine umeandikwa mtaa. Mwenyekiti alikuwa yule yule, kiti kile kile, na mbuzi wake wale wale wakila maua ya wageni.

Mimi ni dalali. Nimeuza viwanja, milango ya mitumba, mabati yaliyotoboka, na mara moja jogoo ambaye mwenyewe alikuwa bado anabishana na mke wake kama wamuuze. Kwa kuwa nahesabu kila kitu mara mbili, wazee walinipa ufunguo wa stoo ya vyombo vya shughuli, kile chumba cha nyuma ya msikiti. Mle ndani mlikuwa na masinia, sahani, majamvi, miiko mirefu kama makasia, na sufuria kubwa la shaba.

Sufuria lile ndilo lililokuwa kijiji chenyewe. Harusi, maulidi, hitma, vyote vilipikwa humo. Lilibebwa na wanaume wanne, wawili kila sikio, na likikaa mafigani mpishi alisimama juu ya tofali ili aone ndani. Ukitaka kujua kama mtu ni wa kwetu, hukumuuliza kabila wala hati ya kiwanja. Ulijiuliza kama msiba wake ulipikwa kwenye sufuria lile. Wanawake ndio waliolinunua, enzi shangazi yangu alikuwa mwali aliyeolewa karibuni. Kila nyumba ilitoa gunia la mbata, nazi zilizokaushwa, wakazipeleka Bagamoyo kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi, wakarudi na sufuria. Kisha wakapiga alama za msumari kwenye ukingo, alama moja kwa kila nyumba iliyochangia. Alama saba. Kila baada ya shughuli nilihesabu sahani, miiko, halafu zile alama, kama vile nazo zingeweza kuibiwa.

Wageni walipojaa, stoo ikaanza kulala. Wao wakiwa na shughuli wanaita wapishi wa mjini wanaokuja na gari, mahema, vyombo vyao na viti vilivyovalishwa magauni. Wenyeji tuliobaki tukawa wachache, misiba yetu ikatoshwa na masufuria ya alumini. Ikapita Ramadhani moja, ikapita ya pili, sufuria la shaba halijatoka nje. Vumbi likakaa ndani yake.

Ndipo akaja dada mmoja aliyekuwa anapamba hoteli mpya ya ufukweni. Alikuwa anatafuta vitu vya kale. Nilimfungulia stoo nikijua kabisa nafungua nini.

"Hili ni la kale kweli?" akauliza.

"La kale? Dada yangu, barabara imelikuta."

"Lilikuwa la nani?"

Hapo ningeweza kusema la mama zetu. Lakini nimekaa sokoni muda mrefu, najua gunia la mbata halipandishi bei. Nikamwambia lilitoka kwenye nyumba ya mfanyabiashara mkubwa wa misafara, wa zama za pembe za ndovu. Nikaongeza na ngazi za mawe kwenye hiyo nyumba. Nilimpandishia bei mpaka akacheka, na alipocheka nikajua kwamba angepanda zaidi. Hilo lilinikosesha raha wiki nzima. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: kilichoniuma wiki ile kilikuwa bei.

Nilijitetea moyoni. Nikasema linaoza bure. Nikasema sisi wenyeji ni wachache na sufuria ni kubwa. Lakini kama jambo lilikuwa safi, kwa nini gari niliita Jumanne, siku ambayo shangazi alikwenda kliniki Bagamoyo? Hela yenyewe iliishia kwenye tairi mbili za pikipiki na simu ambayo nimeshaibiwa.

Shangazi ndiye aliyebaki katika wale wanawake waliolinunua. Ni dada yake baba, naishi naye, na macho yake yana mtoto wa jicho. Kila Ijumaa, nikirudi kutoka kuswali, huniuliza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sufuria letu lipo?"

"Lipo."

Na lilikuwepo, sikudanganya. Lilikuwepo hotelini. Nilijiona mjanja kwa jibu lile, nikalitumia Ijumaa nyingi.

"Umelipeleka likatiwe bati ndani, shaba isiharibu chakula?"

"Yule fundi wa Bagamoyo amefunga duka, shangazi. Wanawe wanauza simu."

"Basi mtafute mwingine. Siku yangu ikifika sitaki kupikiwa kwenye alumini kama watu wa kambini. Nataka hitma yangu ipikwe pale ilipopikwa ya mama yako."

"Inshallah."

Hakuwa na ombi jingine. Hakutaka nyumba, hakutaka tiba ya macho. Alitaka kufa kama mtu wa kijiji kile, na kwake hiyo ilikuwa na maana ya pilau la watu mia tatu kutoka kwenye shaba. Mimi kila Ijumaa nilikuwa nikiitikia.

Mwaka jana wakazi wapya waliunda kamati. Mwenyekiti wake ni mstaafu mmoja, mtu mstaarabu, ana geti la bluu la pili ukitokea barabarani. Wakaamua kuandika historia ya mtaa ili watoto wao wajue wanaishi wapi, wakaomba wazee wawasimulie. Mzee aliyebaki mwenye kumbukumbu alikuwa shangazi. Mkutano ukapangwa hotelini, kwa kuwa mwenye hoteli alitoa ukumbi bure na soda.

Niliposikia ni hoteli gani, nikaanza kumtafutia shangazi udhuru.

"Shangazi, miguu yako itaweza?"

"Miguu ndiyo inayotaka kwenda."

"Watakuuliza maswali mengi, utachoka."

"Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza hata moja. Niache nichoke."

Akavaa kanga mpya ndani ya baibui, akajifukiza udi. Tukapanda bajaji. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumpitisha mapokezi kwa haraka, nimkinge kwa upande wangu wa kulia, nikimsimulia habari za bahari. Macho yake nayo, nilijiambia, hayaoni mbali. Nilikuwa nafanya biashara na mtoto wa jicho.

Sufuria lilikuwa katikati ya mapokezi. Walilisugua likawa linang'aa kama siku lilipotoka dukani, wakalijaza udongo, wakapanda mmea wa majani mapana. Mbele yake palikuwa na kibao kidogo kilichosema ni chungu cha mfanyabiashara wa misafara. Nilimjua aliyetunga maneno yale.

Nilimvuta shangazi kulia. Yeye akaenda kushoto. Sijui aliona ule mng'ao au alisikia harufu ya shaba iliyosuguliwa. Alifika pale akaweka kiganja kwenye ukingo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akaanza kuzunguka polepole, kidole kikipita ukingoni, midomo ikihesabu. Moja, mbili, tatu. Mimi nilisimama na mkoba wake. Alipofika saba hakuacha. Akapeleka mkono chini ya sikio la sufuria, upande wa ndani ambako mbebaji huzungushia kitambaa, akatafuta, akatulia. Akanishika kidole changu akakiweka pale.

Palikuwa na alama nyingine. Ya nane.

Mstaafu akatukuta hapo. "Shikamoo bibi. Naona umependa chungu chetu cha kale."

"Marahaba, mwanangu. Si chungu, ni sufuria."

"Wameandika lilikuwa la mfanyabiashara wa misafara."

Kidole changu kilikuwa bado mkononi mwake. Nilingoja. Wakazi wapya walikuwa wameanza kutuzunguka na soda zao, watu ambao nusu yao niliwauzia viwanja, wananiita mwenyeji wetu.

"Wamekosea," alisema shangazi. "Hili lilikuwa letu, wanawake wa hapa. Tulipikia shughuli."

"Kumbe! Sasa lilifikaje hotelini?"

"Tuliliuza."

"Wenyewe?"

"Wenyewe. Tulikaa, tukakubaliana. Limekuwa kubwa kuliko sisi. Huyu kijana wetu tulimtuma tu."

Kijana mwenyewe nina miaka hamsini na saba. Mstaafu akanitazama kwa heshima, akasema hongera, ndivyo jamii inavyotakiwa kuamua mambo yake, kwa vikao. Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante.

Katika mkutano shangazi alisimulia kwa saa nzima. Kisima kilikuwa wapi, nani alichimba, nyumba zilikaaje, njia ya kwenda kuswali ilipita ndani ya sebule ya nani hivi sasa. Watu walicheka, mstaafu akawa anaandika kwenye simu. Sambusa zilipita mbele yangu mara mbili na sikula, jambo ambalo lingewafanya wanaonijua waite daktari.

Bajaji ikatushusha nyumbani. Akakaa barazani, akavua viatu.

"Alama ulikuwa ukihesabu ngapi?"

"Saba."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, kila shughuli."

"Basi ulikosea mara mbili kila shughuli." Akakunja baibui lake taratibu. "Ya nane ya mama yako."

Mama alikuja kuolewa kutoka Ubena, ile ya kule Chalinze, Mkwere wa bara, hana mnazi hata mmoja wa kwake. Wenzake walipotoa mbata yeye hakuwa na cha kutoa, akasema atatoa mikono. Akawafulia nazi, kuzivua makumbi kwenye ncha ya kifuo, nyumba zote saba, msimu mzima, mpaka viganja vikachanika. Walipofika kwenye kupiga alama, mmoja wao, mwanamke mwenye minazi mingi kuliko wote, akasema kufua si kuchangia, mgeni asiwekwe. Wakabishana siku mbili. Shangazi na wengine wakaipiga alama ya mama chini ya sikio, mahali ambapo yule mwenye minazi hatainama kuangalia.

"Alijua?" niliuliza.

"Nani, mama yako? Kila shughuli alijitolea kulisugua yeye. Ulidhani anapenda masizi?"

Nilimkumbuka amekaa na majivu na makumbi, sufuria limelazwa ubavu, yeye nusu mwili ndani. Nilidhani ni kazi tu.

Jumatatu nilikwenda hotelini. Nilikuwa nimejifunga kibwebwe, nitalinunua kwa bei yoyote watakayotaja. Meneja, kijana mpole, akataja. Nami, Mungu ananisikia, nikasikia mdomo wangu unasema: "Punguza kidogo, ndugu yangu." Mdomo umezoea. Nikajikatiza hapo hapo, nikasema hapana, sawa, nitatoa hiyo. Lakini alikuwa ameshatabasamu. Akasema alikuwa anatania, sufuria haliuzwi, wageni wanapigia picha. Halafu, akaongeza, bibi mwenyewe alishasema mbele ya watu kwamba mliuza kwa kikao. Nikamwambia bibi alikuwa ananisitiri. Akadhani natafuta njia ya kushusha bei.

Miezi miwili baadaye historia ya mtaa ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Imeandikwa vizuri, kisima kipo, mbata ipo. Na sentensi hii ipo: wanawake wa kijiji, baada ya kukaa na kukubaliana, waliamua kuliuza sufuria lao. Watu wakaweka vidole gumba. Nilihesabu thelathini na kimoja. Sikurudia.

Ijumaa zimepita nyingi tangu hapo. Narudi kutoka kuswali, natoa shikamoo, shangazi anaitikia marahaba, ananiuliza bei ya samaki kutoka Saadani. Kuhusu sufuria haulizi tena. Nilikuwa nachukia lile swali. Sasa nakawia mlangoni nikilingoja.

Juzi nilimwambia nataka kuandika ilivyokuwa kweli, na kwamba nitawatumia wale wa kamati. Alikuwa anachagua mchele kwa kupapasa, ungo umelala mapajani.

"Mimi nikakufunika mbele za watu," alisema, "wewe unajifunua mwenyewe."

"Wameandika mliuza nyinyi, shangazi. Hamkuuza. Niliuza mimi, Jumanne, ukiwa kliniki."

"Najua ilikuwa Jumanne. Niliporudi ulikuwa umeninunulia chungwa. Hukuwahi kuninunulia chungwa."

Akaendelea kupapasa mchele. Akatoa jiwe, akalitupa uani, na kuku mmoja akalikimbilia bure.

"Haya, andika," alisema. "Lakini usiandike saba."