Kibao cha Waoga

Sikumpenda yule fundi mkuu wa karakana yetu pale Buhongwa, na leo sitajifanya kwamba nilimpenda. Kila asubuhi nilipomwamkia shikamoo aliitikia huku amenyanyua mkono wake wa vidole vitatu, akasema fundi asiye na kovu bado ni mwanafunzi. Vishikio vya droo, vidogo kama kiberiti, alivisukuma kwenye msumeno wa meza kwa ncha za vidole.

Nikatengeneza kibao cha mninga chenye mfereji katikati. Kipande kidogo unakibana humo, unasukuma kibao, na mkono wako unabaki mbali na meno ya msumeno. Alikicheka mbele ya wateja. "Hicho ni cha waoga," alisema. Kesho yake nilikikuta kwenye jiko lililokuwa uani, nusu majivu, chini ya birika lake la chai.

Hazikupita wiki mbili, msumeno ukamchukua kidole kingine. Alirudi kazini na bandeji, hakunitazama usoni, akaniomba nimtengenezee kibao kama kile.

"Nilishakutengenezea, mzee," nilimjibu. "Ukachemshia chai."