Siku Mashine ya Nyasi Iliponitoroka Kwenye Hina ya Watu

Nyie chekeni tu, mie mwenyewe nimeshacheka mpaka nimezoea, lakini siku ile pale Mbezi Beach nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, maana kuaibika mbele ya mtu mmoja ni ishu ndogo, ila kuaibika mbele ya kinamama waliokuja kwenye hina, wamependeza, wananukia udi, na wewe ovaroli imepasuka nyuma na bukta inasomeka, loo!

Wakati huo nilikuwa najifunza ufundi kwa Fundi Bakari, kule Ukonga. Pale bandani tulikuwa tunatengeneza mashine za kukata nyasi, pampu za maji, misumeno ya petroli, jenereta ndogo, yaani chochote unachokivuta kamba kikanguruma. Nilikuwa nakaa Chanika kwa shangazi yangu, na shangazi kazi hii hakuikubali hata siku moja. Kila nikirudi nanuka petroli ananiuliza lile lile: "We Zuhura, hivi ni nani atakayemwita mwanamke nyumbani kwake aje amtengenezee mashine?" Akaninunulia cherehani, akaiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha maua, ikawa inaningoja. Tukakubaliana kwamba Ramadhani ikiingia kabla fundi hajanituma kwa mteja peke yangu, basi spana naziacha, nakaa kwenye cherehani. Na Shaabani ndiyo hiyo ilikuwa inaishia, na Fundi Bakari kila nikimuuliza ananijibu, "Bado. Mikono unayo, utulivu huna." (Nilikasirika sana. Kumbe mzee wa watu alikuwa anaona mbali.)

Basi mchana mmoja simu ikaita. Ni Bi Rukia, mama mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa, mteja wetu wa siku nyingi. Mashine yake ya nyasi imezima katikati ya kazi, bustani imekatwa nusu, na hina ya binti yake ni jioni hiyo hiyo, bustanini humo humo. Wanawake wameshaanza kuingia, wamevua mabaibui, kwa hiyo mwanamume haruhusiwi kukanyaga, hata mtunza bustani wake mwenyewe keshatolewa nje ya geti. Sauti yake mie naisikia mpaka nilipokaa: "Bakari, nataka fundi mwanamke, na usiniambie huna!"

Fundi akatazama banda zima kana kwamba wanawake tuko wengi. Halafu akanitazama mie. Mie huyo nimeshashika boksi la spana!

Akanipakia kwenye pikipiki yake, tulipofika akabaki nje ya geti na yule mtunza bustani, mie nikaingia na boksi langu la spana, kifua mbele. Bustani ilikuwa kama mtu aliyekatikiwa umeme kwa kinyozi, upande mmoja safi, upande mmoja msitu. Mwisho wa bustani wamefunga turubai, chini yake bibi harusi kaketi kwenye mkeka, hina mbichi mikononi na miguuni, kainua viganja juu hagusi kitu.

"Utaweza, mwanangu?" Bi Rukia akaniuliza.

"Sasa hivi tu, mama," nikajibu kwa mbwembwe.

Na kweli ugonjwa niliuona mapema. Kabureta imejaa uchafu, katundu ka kupitishia petroli kameziba. Nikakazibua kwa waya mwembamba, nikapuliza, nikarudisha kila kitu mahali pake. Ilibaki kuwasha na kusikiliza mlio huku narekebisha skrubu ya kabureta. Hapo ndipo nilipojiponza.

Mashine ile ina vishikio viwili kwenye mpini. Kimoja ukikiachia injini inazima, cha pili ukikibana magurudumu yanajiendesha yenyewe. Sie bandani, ili mikono iwe huru, tulikuwa tunavifunga vyote viwili pamoja kwa kipande cha mpira wa tyubu. Halikuwahi kutokea lolote, kwa sababu bandani mashine inakaa juu ya matofali, magurudumu yanazunguka hewani tu. Basi na mie, kwa mazoea yale yale, nikafunga mpira, tena nikakaza fundo. Matofali wala sikuyakumbuka!

Nikavuta kamba. Ikawaka. Ikaondoka.

Ikaniacha nimeshika hewa! Ikapita kwenye nyasi ndefu inazinyoa, ikala ncha ya mkeka mmoja wa wageni, ikapiga teke sinia la asumini maua yakaruka juu, na inakwenda moja kwa moja kwa bibi harusi, naye kakwama na hina yake anapiga kelele, "Mamaaa!" Watu wakapanda juu ya viti. Nje Fundi Bakari anasikia mayowe, anagonga geti, "Niingie? Niingie jamani?" na wanawake wote kwa sauti moja, "Usiingieee!" maana vichwa viko wazi.

Nikaona hapa hakuna wa kunisaidia, ni mie na hiyo mashine. Nikakimbia, nikadaka mpini, ukaniburuta. Nondo iliyoshikilia kamba ya turubai ikaninasa ovaroli kwa nyuma, nikasikia chraaa! Sikugeuka. Fundo la mpira halifunguki, nikajirusha mbele nikachomoa waya wa plagi kwa mkono mtupu, shoti ikanipiga mpaka kwenye meno, nikapiga ukelele ambao nadhani Chanika waliusikia. Mashine ikazima. Kati yake na mguu wa bibi harusi pangetosha sahani tu.

Mie nimepiga magoti, nimewapa mgongo wageni wote. Na chini ya ovaroli siku hiyo nilivaa bukta ya mtoto wa shangazi (joto, jamani), naye ili wenzake wa timu wasimwibie kaiandika nyuma kwa kalamu nene, herufi kubwa: KIPA.

Bibi harusi ndiye aliyeanza kucheka. "Mama, kipa kadaka!" Wee! Vicheko, vigelegele, mtu akapiga meza kama ngoma. Bi Rukia alikuja kunikumbatia, akanifunga khanga yake kiunoni. Nikakata mpira kwa kisu, nikawasha upya, nikamaliza nusu ya bustani huku wananiimbia kipa, kipa, kipa.

Getini Fundi Bakari akaitazama ile khanga. "Ulifunga mpira?"

"Nilifunga, fundi."

Akajikuna kichwa. "Upuuzi huo nimekufundisha mwenyewe. Kesho kuna pampu ya mteja, nenda peke yako. Na mpira uuache bandani."

Nyumbani nikamsimulia shangazi, akacheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akaenda kuifunua cherehani. Nikajua ndiyo basi tena.

"Lete hiyo ovaroli," akasema. "Kesho utaenda kwa wateja na nini?"

Akaishona mishono miwili. Kufunga vishikio vya watu kwa tyubu nimeapa, sirudii mpaka naingia kaburini, na kinamama wa Mbezi Beach mpaka leo wakipiga simu bandani wanamtaka Fundi Kipa, lakini mshono wa shangazi haujaachia hata uzi.