Mchango Uliongoja Majibu

Kazi yangu ya kwanza Birmingham ilikuwa kuwaomba watu mchango kwa simu. Nilikuwa nimetoka Nakuru kuja kusomea shahada ya uzamili, na karo ilikuwa imemeza karibu kila kitu ambacho jamaa zangu waliweza kuchanga. Nilipoona tangazo kwamba chuo kinatafuta wanafunzi wa kupiga simu jioni, sikungoja kufikiria.

Tulikaa katika chumba kirefu chenye zulia la kijivu, kila mtu na kompyuta yake na vipokea sauti masikioni. Kompyuta ilimchagua mtu aliyewahi kusoma pale na kumpigia. Akiitikia, ilikuwa kazi yako kumsalimu, kumpa habari za chuo, kumuuliza maisha yamemfikisha wapi, kisha kumwomba achangie mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wasiojiweza. Wengi walikuwa watu wema. Wengine walikata simu kabla sijamaliza kutaja jina langu. Mzee mmoja alinisimulia habari za mbwa wake hadi chai yangu ikapoa.

Lililonishangaza ni swali la wazazi. Halikuulizwa waziwazi. Mtu angekubali kutoa, halafu aseme, kana kwamba limemjia tu, kwamba ana binti anayetaka kuomba nafasi mwaka ujao. Kisha angenyamaza, akingoja nimalizie mwenyewe. Msimamizi wetu, mama wa makamo aliyezaliwa papo hapo Birmingham, alitupa jibu lake tangu siku ya kwanza. Alisema wanaopokea michango na wanaochagua wanafunzi ni ofisi mbili, na hii haijui mambo ya ile. Ukitoa, mtoto wako haongezewi kitu. Usipotoa, hapunguziwi.

Jibu hilo nililikariri vizuri, lakini sikuliamini.

Ningeliamini vipi, na nilikotoka nilijua mambo yalivyo? Shule niliyosomea sekondari ilikuwa na bwalo lililojengwa kwa michango ya wanafunzi wa zamani, na mjomba wangu alikuwa mmoja wa waliochangia. Nilipomaliza darasa la nane, alama zangu zilikuwa nzuri, ila si za kujivunia mbele ya watu. Mjomba alivaa suti, akaenda kumwona mkuu wa shule, akarudi akisema mambo ni sawa. Huenda nafasi hiyo ningeipata hata bila yeye. Hakuna aliyeniambia, nami sikuthubutu kuuliza. Lakini kila nilipoanguka mtihani wa hesabu, niliwaza kwamba kiti nilichokalia kilikuwa cha msichana mwingine, mahali fulani, asiyekuwa na mjomba.

Jioni moja mwanzoni mwa vuli, kompyuta iliniletea jina la Kisomali, la mama anayeishi eneo la Acocks Green. Nilimsalimu kwa Kiingereza changu cha kazini. Alinisikiliza kidogo, kisha akanikatiza kwa Kiswahili, akitaka kujua mimi ni wa Kenya ya wapi. Nilipomwambia Nakuru alicheka. Yeye alikuwa amelelewa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, akaolewa, akaenda Uholanzi, na baadaye akaja Birmingham na mtoto mmoja mkononi. Alisomea kazi ya ustawi wa jamii akiwa mtu mzima, mchana akisafisha ofisi, jioni akiingia darasani. Sasa alikuwa akisaidia familia za eneo la Nechells zenye matatizo ya nyumba na watoto.

Wakati huo taa ndogo iliwaka kwenye simu yangu. Maana yake ni kwamba msimamizi alikuwa anasikiliza. Hakuelewa neno, lakini nilinyoosha mgongo.

"Sasa mwanangu, wacha nikuulize kama mtu wa nyumbani," yule mama akasema. "Binti yangu anaaplai mwaka huu. Anataka famasia. Nikitoa, jina lake litaonekana?"

Ingekuwa rahisi kumwambia kwamba kutoa hakujawahi kumdhuru mtu. Angetoa, nami ningesifiwa. Lakini alikuwa ameniuliza kwa lugha ambayo sikuzoea kuifanyia biashara.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Wanaochagua hawajui nani ametoa na nani hakutoa."

"Hata nikitoa nyingi?"

"Hata ukitoa nyingi."

Nyuma yake nilisikia maji yakifunguliwa kwenye sinki. Nilidhani sasa ataniaga.

"Na hawa wa Solihull wenye majumba yao? Wao wakitoa?"

"Na wao vilevile, mama. Hawapati kitu."

Alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi binti yangu anasimama na wao sawasawa. Mimi sikuwa nataka kumnunulia nafasi. Nilikuwa naogopa ya wenzake imeshanunuliwa."

Halafu akaniambia kwa upole kwamba kwa sababu hiyo hatatoa chochote kabla binti hajapata majibu yake, na nisimchukie. Tuliagana tukicheka.

Msimamizi alikuja mezani kwangu kabla kompyuta haijapiga simu nyingine. Alitaka kujua ile ilikuwa lugha gani, na kwa nini mtu aliyekataa kutoa alifurahi vile. Nikamweleza yote, pamoja na jibu nililotoa. Alivuta kiti akaketi. Akaniambia kwamba baba yake alikuwa fundi katika karakana ya treni kule Tyseley, na yeye ndiye wa kwanza kwao kukanyaga chuo kikuu. Nikajikuta namuuliza kama kweli jibu lile ni la kweli, au ni maneno ya ofisi tu. Hakukasirika.

"Mwanangu alikataliwa hapa," akasema. "Mimi nikiwa nafanya kazi kwenye jengo hili hili. Nilijua siku ile ile aliyojua yeye, kwa barua iliyokuja nyumbani kama ya mtu mwingine yeyote."

Mwanawe alikuwa amekwenda chuo kingine na anaendelea vizuri, akaongeza, lakini mwezi mzima hawakulitaja jina la chuo chetu mezani. Alisimama akarudi kwenye nafasi yake. Tangu jioni hiyo, wazazi waliponiuliza, nilijibu kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Wiki chache baadaye chuo kilifungua milango kwa wanaotaka kuomba nafasi, nami nikapewa fulana ya rangi kali nikawe mmoja wa kuelekeza wageni. Nilikuwa nawaonyesha watu njia ya maktaba, nikasikia mtu nyuma yangu akisema kwa Kiswahili kwamba sauti hiyo anaijua. Niligeuka nikamwona mama mfupi aliyevaa buibui jeusi na viatu vya michezo, na kando yake msichana mrefu aliyemzidi kichwa kizima. Mama alinikumbatia kama tuliopotezana zamani. Msichana alielewa kila kitu tulichosema, ila alijibu kwa Kiingereza cha Birmingham, akiwa na haya kidogo. Kabla hawajaondoka, mama alikuwa amechukua namba yangu, na nilikuwa nimealikwa Acocks Green.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya maduka, si mbali na stesheni. Alinipikia anjera, chapati laini za Kisomali, na nyama, na chai ya maziwa yenye hiliki na karafuu, ya kwanza tangu niondoke nyumbani iliyonifanya nifumbe macho. Tulipokwisha kula, akaniambia alichoniitia. Binti anaandika maelezo ya kujieleza kwa chuo, na hataki kuandika kwamba mama yake alisoma pale.

"Sitaki mtu aseme niliingia kwa mgongo wa mama," msichana akasema kwa Kiingereza chake.

"Mgongo huu umekubeba tangu Uholanzi," mama akamjibu kwa Kiswahili. "Leo ndiyo umekuwa mzito?"

Msichana aliinamisha kichwa. Hapakuwa na ugomvi, lakini niliona mama ameumia. Nikawasimulia habari za mjomba wangu, suti yake na bwalo la shule. Sikuwahi kumsimulia mtu yeyote Birmingham. Msichana alinitazama, akaniuliza kama nadhani ningeingia bila mjomba.

"Sijui," nikamwambia. "Na sitajua kamwe."

"Basi mimi afadhali nijue," akasema.

Mama akaniongezea chai, akamwongezea na bintiye, akasema sawa, aandike anachotaka. Msichana akafuta mistari yote aliyokuwa amenakili kutoka kwa wenzake. Badala yake akaandika habari ambazo mimi na mama yake hatukuzitarajia: kwamba tangu yuko shule ya msingi, majirani wazee wa Kisomali walikuwa wakimletea chupa na paketi za dawa awasomee maandishi, na kwamba siku moja alimzuia bibi mmoja asimeze vidonge vya mumewe. Mama yake alikuwepo siku hiyo, lakini hakujua kwamba ndiyo siku mtoto alipoamua.

Aliitwa kwa mahojiano. Nilimfanyisha mazoezi Jumamosi nyingi za baridi, yeye akijibu, mama akipita na vyombo huku akijifanya hasikilizi. Chuo kikampa nafasi, kwa sharti la alama.

Majibu ya mitihani yalitoka Agosti. Asubuhi hiyo mama alinipigia, na kabla hajasema nilijua kuna jambo. Kemia ilikuwa imeshuka daraja moja chini ya lile walilolitaka. Nilipanda basi nikaenda. Nilimkuta msichana ameketi kwenye ngazi, simu ikiwa magotini, macho mekundu. Mama alitaka kumpigia mwalimu wake wa zamani pale chuoni, mtu aliyemheshimu sana. Alikuwa ameshika namba yake mkononi. Alimtazama bintiye, akaiweka namba ile juu ya friji, akaondoka kwenda uani kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Msichana alipiga mwenyewe. Alitaja jina lake, akaeleza kilichotokea, akasema bado anaitaka nafasi hiyo kama ipo. Waliahidi kumpigia. Tulingoja. Hakuna aliyekula. Alasiri simu ikalia, akaitikia, akasikiliza, akasema asante mara kadhaa kwa sauti ndogo sana. Kisha akatoka mbio kwenda uani, mama alikokuwa akianika nguo nyingine, na mimi dirishani nikamwona mama akimkumbatia na mashati mabichi yakiwa katikati yao.

Mwisho wa Septemba, tasnifu yangu ikiwa imeshakabidhiwa, nilikuwa nimerudi kwenye chumba chetu cha simu, mlango ukafunguliwa akaingia yule mama. Hakuna mtu aliyewahi kuja pale kwa miguu. Alikuwa ametoka kumsindikiza bintiye kuchukua kitambulisho cha mwanafunzi.

"Nimekuja kutoa," akaniambia. "Sasa hakuna wa kusema nilikuwa natafuta kitu."

Nikamuuliza kama angependa mchango wake uelekezwe kwa wanafunzi wa famasia. Akatikisa kichwa. Akasema upelekwe kwa mtoto yeyote, hata asimjue. Nilimpeleka kwa msimamizi ili ampokee, nikawatambulisha, nikakaa kando nikiwa tayari kutafsiri, ingawa hapakuwa na haja. Mama alimwambia anafanya kazi Nechells. Msimamizi akasema shangazi yake aliishi huko miaka mingi, akamuuliza mtaa gani. Baada ya dakika chache walikuwa wamefika kwenye habari za watoto, yule aliyekubaliwa na yule aliyekataliwa, na msimamizi alikuwa amempisha mgeni kiti chake. Kompyuta yangu ikaanza kumpigia mtu mwingine. Nikawaacha wakizungumza, nikarudi kwenye meza yangu kumsalimu.