Nilimla sato wa mchungaji, mjomba akakwama kambini

Salaam wakuu. Ninayoyasema humu ni kweli tupu, na aliyekuwa kijijini kwetu Kiriba miaka ile aje anisute.

Sato wa mchungaji nilimla mimi.

Nimelikana jambo hili zaidi ya miaka arobaini. Nililikana nikiwa mtoto, nikalikana chuo kikuu, nikalikana siku ya harusi yangu mjomba aliposimama kutoa nasaha akaanzia hapo. Sasa nina digrii mbili, nyumba Bweri, na presha. Nimechoka.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, nalelewa na bibi mzaa mama. Mchungaji alikuwa anakuja kututembelea kutoka Bunda, bibi akapika samaki wa ziwani, sato mmoja mkubwa, akamfunika jikoni, akaenda kuoga.

Mimi nilionja mkia tu.

Tatizo la sato ni kwamba mkia umeshikana na mwili.

Mjomba Magesa, mdogo wake mama, akaingia jikoni kutafuta kiberiti. Akafunua sufuria, akakuta miba. Bibi naye akatokea hapo hapo, akamkuta mtu mzima ameshika kifuniko.

"Si mimi, mama! Ni huyu Nyangeta! Mwone mdomo unavyong'aa!"

"Kitoto hiki kimalize sato mzima? Huna hata aibu, we Magesa?"

Nililia. Nililia vizuri sana, wakuu, sijawahi kulia vile tena.

Mchungaji alikula ugali kwa maziwa. Kabla ya kuondoka akaomba nyumba ile iepushwe na roho ya ulafi, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mjomba.

Wiki ile ile mjomba akaenda kuvua upande wa Uganda. Alisema, "Huko nikiambiwa nimekula samaki, angalau nitakuwa nimekula."

Kisha ikaja Vita ya Kagera. Hakuna barua, hakuna salamu. Bibi akaacha kula samaki. Ukimuuliza, anasema siku hizi wana miba mingi.

Vita ilipokwisha, kijijini akaingia afisa wa shirika moja la msaada lililokuwa likiunganisha watu waliopoteana na familia zao. Alikuja na baiskeli, fomu na karatasi za kaboni. Akatueleza kwamba kambini Mwanza kuna mtu amechanganywa na mateka wa Uganda kwa sababu alivuka mpaka kurudi bila kipande chochote cha karatasi. Anajiita Magesa, anasema kwao ni Mara.

Shida ni kwamba kulikuwa na mama mmoja Butiama ambaye naye Magesa wake alipotea. Na kwetu huku ukiita "Magesa!" mnadani wanageuka watu kumi na ng'ombe mmoja.

"Bibi," afisa akasema, "nipe swali moja ambalo mtu wa nje hawezi kulijibu. Akipata, anarudi nyumbani. Akikosa, anabaki kule kama mgeni."

Bibi hakufikiri hata kidogo.

"Mwulize, siku mchungaji alipokuja, nani alikula sato?"

Afisa akaandika. "Na jibu, bibi?"

"Yeye mwenyewe."

Uji ulinipalia.

Baada ya wiki tatu afisa akarudi na jibu. Mtu wa kambini alikuwa ameandika neno moja tu: Nyangeta.

Bibi akamrudishia karatasi yake. "Basi si yeye," akasema. "Mwanangu anajua alichokula."

Afisa akakuna kichwa. Akasema yule mama wa Butiama ametuma ujumbe kwamba kama Kiriba wanamkataa, apewe yeye, hata kama si wake, atampikia tu.

Hapo nikapiga magoti.

"Bibi, ni mimi. Nilimla wote. Mpaka macho."

Wakuu, mara ya kwanza nasema ukweli, bibi akanikumbatia!

"Mnaona mtoto mwenye huruma? Anajitwisha dhambi ya mjomba wake ili arudi! Ndugu afisa, huyu amekuwaga hivi tangu mdogo."

Nikaapa. Akanipa karanga. Nikaapa tena, akaniongezea. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kuwa mtakatifu, mpaka jirani akaja kunitazama. Jioni nikaona yaishe, nikakana kwamba nilikiri.

Afisa alikuwa mtu wa subira. Akasema twende ofisini kwake Musoma, bibi amsikie huyo mtu kwa simu, halafu aamue mara moja.

Funzo nalitoa hapa hapa, maana baada ya simu sina la kuongeza. Ukweli unao wakati wake. Ukiuchelewesha, siku utakayousema watu watauchukulia kuwa ni tabia njema. Na benki wakikuomba swali la siri, usiweke lile ambalo familia nzima hamjakubaliana jibu lake.

Kama na wewe uliwahi kumtwisha ndugu yako kosa lako, teremka hapo chini uandike. Mimi ndiye mtu wa mwisho wa kukuhukumu.

Na mama wa Butiama msimlilie sana. Magesa wake alijirudisha mwenyewe, alikuwa Shinyanga, wala hakujua kwamba anatafutwa.

Sasa simu yenyewe.

Waya ulikuwa unakoroma kama mtu mwenye mafua. Bibi alishika mkono wa simu. Hawezi kuanza yeye, anangoja aamkiwe.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo kila mtu anayo," bibi akasema. "Nani alikula sato?"

Afisa akaona jahazi linazama, akainama akasema kwa sauti kwenye simu, "Ndugu, kwenye fomu hapa jibu ni wewe. Sema 'ni mimi', urudi kwenu."

Mjomba alipiga kelele mpaka makarani wa chumba cha pili wakasimama.

"Sisemi! Hata mkiniacha huku nioze, sisemi! Mama, sikumla samaki wako! Alimla Nyangeta, na huyo mchungaji wako aje aniombe radhi!"

Bibi akamrudishia afisa simu. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Andika ni yeye," akasema. "Na siku ile alikanaga hivi hivi."