Ng'ombe Wanaolala Zizini

Ukimwuliza mama yake Alute kijana wake anafanya kazi gani mjini, alikuwa akijibu kwamba anatoboa karatasi. Hakusema kwa dharau. Aliwahi kuonyeshwa kadi moja, akaiinua akatazama jua kupitia vitundu vyake, akasema hii ni kazi ya panya, ila panya hapandi basi kwenda kuifanya. Watu wa Issuna walicheka, na Alute naye akacheka, maana siku zile alikuwa bado na cha kuchekea.

Kazi yake hasa ilikuwa kuandika maagizo ya mashine. Kule Dar es Salaam ilikuwako kompyuta iliyojaza chumba kizima, nayo haikujua kitu mpaka mtu aiambie hatua kwa hatua: soma kadi hii, tazama namba hii, ikizidi kiasi fulani iweke kando, isipozidi iandike. Alute alijifunza kazi hiyo miaka mitatu hukohuko pwani, kisha akarudishwa Singida kwenye tawi dogo la ofisi, vyumba viwili vya bati, mashine mbili za kutobolea kadi, na vumbi. Vumbi la Singida halina adabu. Liliingia kwenye meno ya mashine, tundu likaruka mstari, na mtu mwenye watoto wanne akawa nao arobaini. Umeme ukikatika, kadi ilinasa katikati, na Alute aliitoa taratibu kwa pini ya nywele ya mkewe, jasho likimtoka kama mkunga.

Mwaka ule wa njaa, sabini na nne, maneno yalikuwa mengi kwamba mashine hizi zitaondolewa, kwamba zinakula fedha za kigeni na hazilimi. Alute akawa anajiuliza atakuwa nani. Wenzake aliosoma nao walikuwa walimu na mabwana shamba. Kijiji kikihamishwa, mwalimu anahama na chaki yake. Yeye angehama na nini? Hata Dorika, mkewe, alimwuliza hivyo siku moja akimnyonyesha mtoto wao Cecilia, bila kumtazama usoni, kwa sababu alijua swali lenyewe linauma. Alichotamani Alute ni kazi moja tu kubwa, ya kuonekana na watu, ili waseme kumbe mashine ina faida.

Kazi hiyo ikaja. Mvua ilikuwa imekataa, uwele ulikauka ukiwa haujafika magotini, na mahindi ya msaada, yale ya njano watu waliyoyaita yanga, yalikuwa yanaingia kwa malori. Ikaamriwa yagawiwe kwa orodha ya mashine ili pasiwe na upendeleo. Nyumba yenye ng'ombe zaidi ya watano ingesubiri, kwa kuwa ingeweza kuuza mmoja ikanunua chakula. Shida ilikuwa swali. Ukimwuliza mtu ana ng'ombe wangapi, anapunguza. Alute ndiye aliyepata dawa. Karani asiulize mali ya mtu. Asimame asubuhi na kuhesabu ng'ombe wanaolala katika zizi hilo. Ng'ombe hafichiki chini ya kitanda. Bwana Gaspari, mkuu wa tawi, alimpa mkono mbele ya wote. Alute akaandika maagizo, kadi zikatobolewa, zikafungwa kwenye maboksi na kusafirishwa Dar es Salaam.

Orodha ilirudi pamoja na kadi siku kumi na mbili baadaye, karatasi ndefu zilizokunjwa kama kanga mpya. Lori lingeondoka Jumatatu. Alute alifungua kwanza ukurasa wa kijiji chao, kama mtu anayetafuta sura ya nyumbani kwenye picha. Nyumba mia mbili na kumi na mbili. Zilizopewa, kumi na tisa.

Akasema ni vumbi. Akatoa kadi za kijiji kile, akazisoma moja moja kwa macho, akilinganisha kila tundu na fomu ya karani. Siku mbili hakufanya kingine. Matundu yalikuwa sawa. Akarudia maagizo yake, mstari kwa mstari, akiyasoma kama mashine inavyosoma, bila huruma na bila kuruka. Yalikuwa sawa. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Kosa la vumbi unalifuta. Kosa ambalo halipo kwenye kadi wala kwenye maagizo utalifuta wapi?

Akaacha namba, akasoma majina. Mama yake hakuwamo. Fomu yake ilisema: Anastazia, mjane, zizini ng'ombe saba. Aliyekuwamo, wa kwanza kabisa katika wale kumi na tisa, alikuwa mzee Lazaro. Zizini hakuna.

Alute aliweka karatasi mezani polepole. Kijiji kizima kilijua Lazaro ni tajiri, na hakuna aliyewahi kumwona na ng'ombe.

Mnyaturu wa huko Singida mwenye ng'ombe wengi hawalazi pamoja. Huwaweka kwa watu, sita hapa, wanane pale. Anayewatunza hukamua maziwa na kuchukua samadi. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na huwezi kuuza hata mmoja. Wala hawatajwi. Wanaojua ni wawili, aliyeweka na aliyewekewa, na watoto wa nyumba hukua wakidhani ni wa kwao. Alute mwenyewe alidhani hivyo mpaka alipofika miaka tisa, ng'ombe mmoja akafa, na mama yake akaichukua ngozi na mguu wa nyuma akavipeleka kwa Lazaro bila kueleza. Mtoto akaelewa na akanyamaza. Alikuwa amekua katika zizi hilohilo, akachunga ng'ombe wake, akazoa samadi yake. Kisha akaenda pwani akajifunza kuuliza maswali safi.

Mashine haikukosea. Iliulizwa nani analala na ng'ombe, ikajibu. Yanga ilikuwa inakwenda kwa wenye mali, na wanaowatunzia walikuwa wamekatwa.

Asubuhi ya Ijumaa alipanda basi la Issuna. Alimkuta mama yake anachambua majani ya mlenda, vidole vimekauka, ule wekundu wa ulimi umepauka. Zizini ng'ombe saba walisimama mbavu nje, chuchu zao zimenywea kama glavu tupu. Alute akaamkia, akaketi, akaeleza yote. Alihitaji jambo moja, mama aseme kwa karani kwamba ng'ombe si wake. Nyumba zote zikisema hivyo, maagizo yanaweza kuandikwa upya.

Mama yake alimsikiliza hadi mwisho.

"Niseme ni wa nani?"

"Si lazima useme ni wa nani, mama. Sema tu si wako."

"Nikisema si wangu, wataniuliza ni wa nani. Wewe hukuwauliza watu maswali? Maswali yana watoto." Akaendelea kuchambua. "Baba yako alipokufa, nani alinipa maziwa ya kukulea wewe? Leo nimpeleke kwa karani, ng'ombe wake wakasombwe kwenye zizi la kijiji?"

Ndiyo hofu iliyokuwako, kwamba mwenye ng'ombe wengi ataambiwa awalete katika ujamaa. Alute aliinuka. Alikwenda kwa Lazaro.

Lazaro alikuwa anashona kiatu cha tairi mlangoni, mzee mwembamba, shati lina viraka viwili. Alute akampa shikamoo, akaitikiwa, akapewa kigoda. Alizungukia maneno kama inavyotakiwa, habari za mvua, za nyumbani, za mtoto. Mwishowe akasema baba, watu wanakufa njaa kwa ajili ya ng'ombe wako.

"Ng'ombe gani?" Lazaro aliuliza kwa upole. Akavuta uzi. "Waliandika mimi sina. Wewe ndiye uliyewafundisha kuhesabu hivyo, mwanangu, mimi hata penseli sikushika." Kisha, sauti ikiwa ya chini, akaongeza kuwa mahindi akipewa atapeleka kidogo kwa Anastazia, jioni, kwenye kapu. Alute akapiga hesabu ya vijumba vingine mia na tisini na viwili ambavyo kapu la Lazaro lisingefika, akaaga.

Jumamosi alimkuta Gaspari ofisini peke yake. Alimweleza. Gaspari hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta kwa tai. Akasema wa kijijini wamekataa kusema, sasa Alute ana ushahidi gani? Akasema orodha imekwisha kutiwa saini, na kule Dar es Salaam nafasi nyingine ya mashine ni mwezi ujao. Halafu akasema lililokuwa moyoni.

"Kuna watu wanasubiri kosa moja tu ili tawi hili lifungwe. Ukiandika barua hiyo, Alute, unaandika na ya kwako ya kuondoka. Na ya kwangu."

Alute alirudi nyumbani. Dorika alikuwa anamhamisha Cecilia kutoka titi moja hadi la pili, na mtoto alikuwa analivuta, analiacha, analia kilio kile kikavu ambacho mama anakijua kabla hakijaanza. Maziwa yalikuwa yanapungua hata pale mjini. Alute alisimama mlangoni akatazama hadi akashindwa kutazama.

Barua aliiandika palepale, juu ya sanduku la nguo. Hakumtaja Lazaro, wala mama yake, wala desturi. Aliandika kwamba swali lilikuwa baya, kwamba ng'ombe wanaolala zizini hawaonyeshi nani ana chakula, na kwamba aliyelitunga ni yeye. Akaomba lori lisitumie orodha ile. Akaipeleka kwa mkono katika ofisi ya mkoa, akasubiri ikagongwa muhuri.

Alichokitaka ni orodha nyingine. Walichokifanya ni kusimamisha yote. Jumatatu lori lilikuwa limekwisha kufika njia panda ya Issuna, mjumbe akalifuata kwa pikipiki, likageuzwa mbele ya macho ya watu waliobeba madebe na magunia matupu. Hata wale kumi na tisa hawakupata, na miongoni mwao walikuwamo watatu au wanne maskini wa kweli, wasio na ng'ombe wa kwao wala wa mtu. Wiki iliyofuata mlango wa tawi ulifungwa kwa kufuli. Gaspari aliitwa makao makuu na hakuaga. Mashine mbili za kutobolea zilibebwa zimefunikwa turubai, na Alute akaambiwa aende akasaidie mabalozi wa nyumba kumikumi kuandika orodha kwa mkono, kazi ya muda, mpaka atakapoelezwa.

Akarudi Issuna kwa basi lilelile, na daftari la mistari na kalamu. Kituoni mwanamke mmoja alimtazama, akageuza mgongo ili mtoto aliyembeba asimwone. Habari ilikuwa imefika kwamba lori alilirudisha mtoto wa Anastazia.

Balozi wao, mzee Bonaventura, alimpeleka nyumba kwa nyumba. Kwenye nyumba ya kwanza Alute alifungua daftari, mkono ukaandika wenyewe neno zizi, akalikata. Hakujua aulize nini. Miaka yote aliyosoma ilikuwa ya kujua swali lipi mashine inaweza kulimeza.

Nyumba hiyo ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Alikuwa ameketi palepale, sufuria iko mafigani, moto mdogo. Hakumsalimia kwanza, akangoja asalimiwe. Alute akasema shikamoo mama, akaitikiwa.

"Jana mlikula nini?" akauliza.

Mama yake akamtazama balozi, kisha daftari, kama anayepima iwapo swali hili nalo lina watoto.

"Mlenda."

"Na ugali?"

"Nimesema mlenda."

"Na juzi?"

"Andika mlenda," mama yake akasema. "Andika na kesho."

Alute akaandika.