Sashe Juu ya Maharage

Shangazi yangu anafunika maharage kwa sashe. Anateleka sufuria kwenye mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, anamwaga maji, kisha anatandaza mfuko wa plastiki juu ya maharage yenyewe, anaukunja pembeni kwa vidole vilivyokwisha kuzoea moto, ndipo anaweka kifuniko, na juu ya kifuniko jiwe. Baada ya muda sashe inavimba, inatoa jasho, inalegea na kulala juu ya chakula kama ngozi ya mtu aliyeungua. Naiona hata nikifumba macho. Naiona nikiwa kanisani.

Wala si yeye peke yake. Hapa Bulengera, mtaa wa Butembo, wanafunika hivyo mchele, wanafunika ndizi, wanafunika hata viazi vizuri kutoka Kipese ambavyo havikumkosea mtu yeyote. Sashe iliyoleta mkate inamaliza maisha yake ndani ya sufuria, na haimalizi mara moja, maana inaoshwa, inaanikwa, inarudi tena. Kwenye kamba yetu ya nguo inaning'inia bluzi yangu nyeupe ya masomo, koti kama la daktari, gauni la shangazi la misa, na katikati yake mifuko mitatu minne inayopepea. Mgeni akiingia uani anaikwepa kwa kichwa kama anavyokwepa nguo nyingine, na hakuna anayeuliza.

Mimi ninasomea lishe. Asubuhi napanda mlima kwa miguu na bluzi yangu mkononi, naingia katika oditwari, ukumbi wetu wa masomo unaonuka soksi na chaki, na mwalimu anachora sahani ubaoni. Anaigawa: hapa mboga, hapa maharage, hapa bugali. Tunainakili kwa bidii. Saa ya mapumziko sisi wote, wataalamu wa kesho, tunamiminika getini kununua mandazi yaliyokaangwa katika mafuta meusi ambayo nadhani yalianza kazi kabla hatujazaliwa, yakiwa yametandazwa kando ya barabara ili kila pikipiki iyapake vumbi lake. Tunayatafuna huku tukibishana juu ya vitamini. Kuna siku najichukia kwa hilo, ingawa mara nyingi nawachukia wenzangu zaidi, kwa sababu wao wanalamba vidole.

Siku mwalimu alipotuambia kwamba plastiki ikipata moto inaachia vitu vyake ndani ya chakula, wenzangu waliandika na kupiga mstari chini. Mimi sikuandika. Nilikuwa nafikiria maharage ya jana, ambayo bado yalikuwa ndani yangu.

Lazima niseme shangazi ni nani kwangu, ili nisionekane mtoto asiye na shukrani. Ni dada mkubwa wa baba. Wazazi wangu wako Beni. Baba alikuwa na shamba la kakao upande wa Mabalako, na siku hizi haendi tena huko, kwa sababu ya mauaji ambayo watu wote wa kwetu wanayajua. Nilipomaliza sekondari na nyumbani hapakuwa na namna, shangazi alituma neno moja tu: mtoto aje. Ni mjane mwenye watoto wake, na sisi sote tunakula, tunavaa na kusoma kutokana na kibanda chake cha chakula karibu na soko. Ni mabenchi mawili, meza moja na ile sufuria. Sufuria ikikosa watu, hatuna kitu kingine.

Hata hivyo nilimwambia. Sina mdomo wa kukaa kimya.

"Shangazi, iyo plastiki inayeyuka, inaingia mu chakula. Banatufundisha vile ku masomo."

Hakuinua hata kichwa. Alikuwa anachambua mawe kwenye maharage.

"Kule ku masomo yenu banapikaka?"

"Hapana kupika. Banatufundisha."

"Aya," alisema. "Miye napikaka. Makala inapanda kila siku, maharage ya siku hizi iko nguvu sana. Sashe inashika mvuke, inaivisha mbio. Weye unataka nifunike na nini? Na bluzi yako?"

Nikamwambia majani ya ndizi, kama mama anavyofanya Beni. Akacheka mpaka akafuta macho. Beni mgomba uko nyuma ya jiko, unanyoosha mkono tu. Hapa kila jani lina mwenyewe, na mwenyewe anakuangalia dirishani. Jambo likaishia hapo, na mimi nikaendelea kula kwa kujilazimisha, nikimeza bila kutafuna sana.

Kisha nikakuta kile kipande. Kilikuwa cha bluu, kikubwa kama ukucha, kimeng'ang'ania kwenye harage moja kana kwamba vilizaliwa pamoja. Nilikuwa nimeshakiweka ulimini. Nilikitoa kwa vidole, nikakitazama, na chakula chote cha wiki kikanipanda kooni. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya ukuta, juu ya majivu. Tangu siku hiyo mwili wangu ulikataa. Si mimi niliyekataa, ni mwili; harufu ya sufuria ile ikifunguliwa tu, mate yalinijaa mdomoni na nilitafuta pa kukimbilia.

Nikaanza kusema nimekula huko kwenye masomo. Nilinunua parachichi na ndizi mbivu, nikazila njiani nikitembea. Kuwasha mbabula yangu mwenyewe katika ua wa shangazi halikuwa jambo la kuwaza: msichana akijipikia kwa watu, amewaambia majirani wote kwamba nyumba imegawanyika. Basi nikaishi kwa parachichi, nikakonda, na nikajiona mtu safi.

Hapa kwetu, mtu akikataa chakula cha nyumba anayolala, hakuna anayefikiri kwamba tumbo lake linauma. Nimekulia ndani ya desturi hii. Nyumbani kwa baba, mgeni akiletewa kinywaji, mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya macho yake; chupa inafunguliwa mezani, haifunguliwi jikoni. Tunafanya hivyo hata kwa padri. Sumu inaogopwa kwetu kuliko homa, na asiyekula anasema, bila kufungua mdomo, kwamba ameona kitu. Nilijua haya yote, lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa plastiki, nikadhani na watu watafikiri plastiki.

Jirani yetu anauza makala pembeni ya kibanda. Ana mtoto mgongoni na macho yasiyopumzika. Siku moja alinisimamisha nikipita na parachichi langu.

"Weye haukulake kwa shangazi yako?"

"Nakulaka ku masomo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele. Akasema "mmh," akarudi kwenye makala yake.

Ile "mmh" ilitembea haraka kuliko pikipiki. Kwanza walipotea motari, waendesha pikipiki wa abiria, wale waliokuwa wakila wamesimama, kofia ikiwa bado kichwani. Kisha wanawake wa sokoni wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, wakimsalimia shangazi kwa sauti kubwa mno. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, nami niko nyuma ya turubai nikiosha sahani: "Ata mutoto wa kaka yake anakataa chakula yake. Na ule anasoma mambo ya chakula. Anajua kitu ameona mule mu chungu."

Nilisimama na sahani mkononi, maji yakinichuruzika kwenye viwiko, na nikahisi chuki ambayo sijawahi kuihisi hata kwa ile sashe. Watu hawa walikuwa wamekula plastiki miaka na miaka, wakaomba waongezewe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutoa kipande mdomoni na kuuliza hiki ni nini. Sasa wanamkimbia mjane kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona. Nilitaka kutoka na kuwatemea maneno, lakini ningewaambia nini? Kwamba chakula chake kweli kina kitu kibaya?

Sufuria ikaanza kurudi nyumbani nusu, kisha karibu nzima. Watoto wa shangazi walikula maharage asubuhi na jioni mpaka yakachacha. Shangazi alianza kupika kidogo. Alipunguza, akapunguza tena. Jioni moja alikuja akaketi karibu nami kwenye kizingiti, mikono yake ikinuka makala na vitunguu.

"Niambie tu," alisema polepole. "Miye niko mulozi?"

"Hapana, shangazi!"

"Basi juu ya nini hapana kula? Miye nilikupokea. Sasa batu banasema weye uliona kitu. Uliona nini?"

Nikamwambia kile kipande cha bluu. Nikamwambia kutapika, parachichi, yote. Alisikiliza akikunja na kukunjua kitenge chake gotini. Nilipomaliza alionekana kama mtu aliyesikia habari ya nchi nyingine.

"Sashe," alisema. "Njo vile tu? Sashe?"

Kisha akainuka akaingia ndani, na hakunisemesha mpaka nilipoondoka.

Nilikwenda Beni. Nilitaka mama anihurumie, huo ndio ukweli. Nilipanda gari la asubuhi, nikabanwa kati ya gunia la vitunguu na mwanamke aliyekuwa akila samaki wa kukaangwa aliyefungwa ndani ya, naam, sashe, na kwenye kila bariera ya barabarani nilimwangalia mwanajeshi akichokonoa meno kwa kidole alichokitumia kugeuza karata zetu za kitambulisho. Nilifika nikiwa nimechoka na dunia nzima.

Mama alikuwa jikoni. Juu ya sufuria yake palikuwa na majani ya ndizi yaliyokunjwa vizuri, na mvuke wake ulinukia majani mabichi. Niliketi nikala sahani mbili bila kusema, na machozi yakanitoka, yakadondokea mboga ya lengalenga. Mama aliniacha nimalize.

"Sasa," alisema, "chakula ya shangazi yako iko na nini? Ata huku ku soko ya Beni banauliza."

Habari ilikuwa imenitangulia.

"Iko na sashe, mama."

Alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Batu bote ba Butembo banakula sashe. Hakuna mwenye atasikia sashe. Banasikia moya tu: sumu."

"Lakini iko mubaya! Inaleta magonjwa, mama, nasoma ile kitu!"

"Sikatae. Lakini ule mama yeye njo anakusomesha. Utarudia Butembo kesho. Utaikala pa mbele, pa kila mutu anakuona, utakula. Utamaliza sahani. Kisha utaomba ingine."

Baba alikuwa mlangoni. Alikuwa anamfikiria dada yake, niliona usoni kwake, na hapo nikajua kwamba hakuna atakayenihurumia.

Nikarudi, nikaketi benchi la mbele, saa ya mchana, soko limejaa. Nilivaa bluzi yangu nyeupe kwa sababu shangazi aliniomba. Hakunitazama alipofunua sufuria. Alishika sashe kwa ncha mbili, akaivua, maji yake ya jasho yakadondokea humo humo ndani ya maharage, akaitundika msumarini. Kisha akanipakulia. Muuza makala aliacha kupima. Motari wawili walizima pikipiki zao.

Sijui kuieleza sahani ile. Ilikuwa moto, ilikuwa na chumvi nzuri na mafuta ya mawese, na kwa chini kabisa ilikuwa na ladha ya ndoo mpya. Au labda haikuwa na ladha hiyo, labda ulimi wangu ulikuwa umeharibika kwa masomo. Kila kijiko nilikipeleka kikiwa na macho ya watu juu yake. Jasho lilinitoka mgongoni kwenye ile baridi ya Butembo. Nilifikia chini ya sahani, nikaifuta kwa bugali, nikainua sauti.

"Shangazi, niongezee."

Akanipakulia tena mpaka ukingoni. Motari mmoja akavua kofia, akaketi pembeni yangu na kuagiza. Kisha wa pili.

Wamerudi karibu wote. Lakini hawakurudi bure: wanataka kuniona. Nikikosa siku mbili wanauliza niko wapi, na shangazi anatuma mtoto aniite. Basi natoka masomoni, ambako nimeandika ukurasa mzima juu ya mapishi yanayolinda afya, na nakuja kuketi benchi la mbele kula plastiki hadharani. Kichefuchefu hakijaisha. Nimejifunza tu kukikalia.

Wiki hii muuza makala alikuja kula na yeye. Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata, akaanza kumlisha kwa vidole huku akiongea na benchi zima.

"Miye zamani niliogopaka iyo sashe. Sasa nafunikaka nayo kila kitu, ata bouillie, ile uji ya mutoto. Juu uyu anasoma mambo ya chakula, na batu banaona vile anakula. Ingekuwa mubaya, angekula?" Akanigeukia, na mtoto naye akanigeukia, maharage yamempaka kidevuni. "Si njo vile, daktari? Sashe haina mubaya?"

Nilivuta pumzi nimjibu. Nyuma yake shangazi alikuwa amesimama na upawa, ananitazama, na wateja wote wakawa wananitazama kama yeye. Nikimwambia ni mbaya, kabla ya jioni soko lote litakuwa limesikia lile neno moja.

Nikajaza kijiko, nikakiingiza mdomoni, na nikaitika kwa kichwa kwamba ndiyo.